Mkono wa Jaribu

Watu wa mtaa wetu wa Jadida wakimtaja shangazi yangu, Mwanakhamis binti Shaame, husema alikuwa mkali. Alikuwa mkali, sikatai. Lakini wanaomsema hivyo wengi wao walikuwa hawajazaliwa, na waliokuwa wamezaliwa walikuwa wakikaa naye nyuma ya shuka la sinema na kuona kile kile alichokiona yeye, tena ndio waliopiga kelele zaidi. Basi nyamazeni kidogo nieleze. Anayetaka kunisahihisha na angoje nimalize.

Shangazi alikuwa dada yake baba yangu, Mmanga Shaame. Mumewe alifariki mapema, akamwachia nyumba ya udongo ya vyumba viwili hapa Wete na mtoto mmoja wa kiume, Jaribu. Shangazi alishona kofia. Si za cherehani, za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka macho yakutoke machozi. Kofia moja ilimchukua wiki tatu. Kwa kofia hizo alimlisha Jaribu, akamvisha, akampeleka chuoni kwa Kurani na skuli kwa mengine. Neno moja tu hakulivumilia, nalo ni kuambiwa kwamba mtoto aliyelelewa na mwanamke peke yake hana adabu. Jirani yetu Bi Siti alilijua hilo, na kila akigombana na shangazi alilirusha hilo hilo.

Na Jaribu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakumsaidia mama yake hata kidogo. Mtundu! Walikuwa watatu, yeye na Kificho na Msellem, na wa nne nilikuwa mie. Naam, mie Moza mnayeniona hapa na tasbihi yangu. Sisi ndio tuliotia upupu kwenye mkeka wa mwalimu wa chuoni, maskini mzee wa watu akajikuna mpaka akavunja darasa. Sisi ndio tuliomhamisha punda wa Mzee Nyange na kumfunga mlangoni kwa mtu aliyekuwa hasemi naye. Mipango mingi ilikuwa yangu, bakora zilikuwa zao, na hawakunitaja hata mara moja. Nani leo ana marafiki namna hiyo? Mie sina.

Kisha nikavunja ungo. Basi, mambo yakaisha siku moja. Skuli nilikwenda na kurudi nimejifunika, na jioni nikakalishwa kwa shangazi, nikatiwa sindano mkononi. Wale watatu wakawa wanapita nje ya dirisha wakicheka mambo ambayo sikuyajua tena. Nilikuwa nashona huku nimetega sikio, na kila kicheko kikinipita nilihisi njaa, njaa ya kweli, hapa tumboni.

Mwaka hamsini na saba wakaja watu wa sinema kutoka Unguja. Mkubwa wao aliitwa Khatib, mtu mrefu, mpole, anayetembea na kipaza sauti. Mara hii hawakuja kuonesha picha tu, walitaka kuipiga wenyewe, picha ya kufunza watoto wasitoroke chuo. Wakaenda skuli kuuliza watoto watatu watundu ni nani. Mwalimu hakufikiri hata dakika moja. Na walitaka pia mtoto wa kike, abebe sinia la chakula mara moja tu, apite, basi.

Niliposikia hilo nilimwangukia shangazi miguuni. Na ajabu, shangazi yule yule mkali hakukataa. Akaniambia, "Jaribu akikubali kuwa nawe kila hatua, nitasema na baba yako." Nikamwita Jaribu dirishani. Akanitazama, akawatazama wenzake, akacheka.

"Weye? Weye sasa mwari. Kaa ndani ushone kofia."

Kificho na Msellem nao wakacheka. Wakaondoka. Nilimchukia Jaribu siku ile, nasema kweli, nilimchukia kwa chuki yote ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Wakaenda kisiwani Fundo siku tatu, wakarudi weusi kwa jua na wenye maringo hayasemeki, na picha ikapigwa bila ya mtoto wa kike.

Ilioneshwa mwaka uliofuata, kiwanja cha mpira, baada ya sala ya isha. Siku zile sinema ilikuwa shuka kubwa jeupe lililofungwa juu ya miti miwili. Wanaume walikaa mbele pamoja na mashine ya kuoneshea picha. Wanawake tulikaa nyuma, upande wa pili wa shuka, kwa sababu ya stara. Mwanga ulipenya, picha tuliiona vizuri, na hakuna aliyeona kasoro. Tulikuwa tukiangalia sinema hivyo tangu zilipoanza kuja.

Mwanzoni yakatokea maandishi. Mie nilikuwa darasa la tano, najua kusoma, nikakodoa macho nisiambulie hata herufi moja. Nikajisemea labda ni Kihindi. Kisha akatokea Jaribu, mkubwa kama nyumba, na wanawake wote wakapiga vigelegele. Jamani! Mtoto wetu, wa mtaani kwetu, kwenye shuka! Khatib alikuwa akieleza kwa kipaza sauti, maana picha yenyewe haikuwa na sauti. Watoto watatu wanatoroka chuo. Wanaiba chungu cha wali jikoni kwa mtu. Wanavuka kwa mtumbwi mpaka kisiwani. Shangazi alikuwa akicheka na kufuta macho, amenishika mkono kwa nguvu. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Wakakaa mchangani, wakaweka chungu katikati, wakaanza kula. Bi Siti akasimama.

"Yarabi! Mwanakhamis, mtazame mwanao! Anakula kwa mkono wa kushoto!"

Na kweli. Sote tuliona. Jaribu alikuwa akichota wali kwa mkono wa kushoto, mkono wa chooni, anautia kinywani na kuramba vidole. Kificho hivyo hivyo. Msellem hivyo hivyo. Vigelegele vikazimika. Mama yake Kificho akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanawe hakufunzwa hivyo, kaiga kwa aliyekosa baba wa kumfunza. Shangazi aliuachia mkono wangu. Akajifunika kanga usoni, akainuka, akapita katikati ya watu wote wale, na picha ilikuwa haijafika hata nusu.

Nyumbani alimngojea Jaribu mlangoni. Mie nilimfuata, kwa hiyo nilikuwapo.

"Mama, sikula kwa kushoto. Nani kakwambia?"

"Macho yangu yameniambia."

"Wallahi sikula, mama."

"Usiape!"

"Naapa! Lete msahafu!"

Akaushika msahafu, akaapa, huku akilia, mtoto wa miaka kumi na tano mwenye ndevu za kuanzia. Na shangazi, aliyekuwa ameona kwa macho yake mwenyewe, alimwona mwanawe akimwapia Mungu uwongo mbele yake. Hilo lilimuumiza kuliko mkono wenyewe. Akamwambia, "Mpaka ukubali ulilofanya, usile chakula changu." Jaribu hakukubali. Angekubali nini?

Wanaume walisema mkono ulikuwa wa kulia. Tukasema wanalindana, kawaida yao. Wazee wawili waliosukumwa na wake zao wakamwendea Khatib kumwambia picha ile inaharibu watoto. Khatib, aliyekuwa mbele wakati wote, akadhani wanachukia ule wizi wa chungu. Akaomba radhi, akaitia picha sandukuni. Na ndio ikawa mwisho wake. Haikuoneshwa Chake wala Mkoani wala popote. Picha iliyopigwa Pemba, na watoto wa Pemba, ikalala sandukuni kama nguo ya marehemu.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye langu.

Siku ya tatu nilikuwa skuli. Nilikuwa nimeandika kwa wino, karatasi nyepesi, nikaiinua dirishani ikauke. Mwanga ukapita. Nikayaona maandishi yangu kwa nyuma, yamegeuka, na yalikuwa yale yale. Kile Kihindi changu cha kwenye shuka! Nikajua hapo hapo. Sikuhitaji kuambiwa. Tulikaa nyuma, kila kitu kiligeuka, kulia kukawa kushoto, na Jaribu kaapa kweli.

Ningekimbia kumwambia shangazi. Hatua mia tatu tu kutoka skuli. Sikukimbia. Nilikwenda, nikakaa, nikachukua sindano yangu, na Jaribu akapita uani hana raha, amekonda siku tatu tu, anakula kwa watu. Nikamtazama nikajisemea: kaa hivyo kidogo. Leo weye ndiye uliye nje na wengine wamo ndani. Kesho nitasema.

Kesho yake alfajiri akapanda chombo kwenda Tanga. Hakuaga.

Baada ya hapo ningesemaje? Niliogopa kumwambia shangazi kwamba mwanawe kaondoka bure na mie nilikuwa najua tangu jana yake. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu, siku ya kumi ikawa ngumu zaidi, na ilipotimia mwezi nikawa sina tena mdomo. Nikajiambia atarudi tu, na akirudi nitasema mbele yao wote wawili.

Shangazi akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Majirani wakamsifu kwa ucha Mungu. Siku moja tumekaa tunashona akanieleza bila ya kuulizwa, "Namfungia Jaribu. Kiapo cha uwongo kizito, Moza, na yeye hajui uzito wake. Labda Mungu atampunguzia." Mie nikainamisha kichwa nikaendelea na uzi. Niliendelea, mnasikia? Nilishona!

Mwaka wa sitini ikaja barua kutoka kwa Mpemba mmoja aliyeko Tanga. Jaribu ameugua homa siku sita, amefariki, amezikwa huko huko. Aliyesoma barua ile kwa sauti nilikuwa mie, maana ndiye msomaji wa nyumba. Shangazi hakupiga ukelele. Aliuliza jambo moja tu, kama barua inasema ametubu kile kiapo. Nikamwambia haisemi. Tangu siku hiyo akawa anafunga na siku nyingine katikati, akawa mwepesi mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Mtoto alikuwa kaburini na mama alikuwa akimlipia kosa ambalo hakulifanya. Nilikuwa namwona kila siku.

Mtaniuliza ilikuwaje nikaitaka ile picha tena. Hata mie nimejiuliza. Mwaka sitini na mbili Khatib alikuja Wete, akapita kumwamkia baba. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeshaposwa, nguo za harusi zimo kashani. Kificho yuko Unguja, hatuandikii. Msellem kaoa Wambaa, anavua, na siku moja tulipokutana njiani aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo Bi Moza," mtu tuliyeiba naye madafu! Nilirudi nyumbani nikalia. Hakuna mahali duniani ambapo wale watoto walikuwa bado wapo, ila ndani ya lile sanduku. Nikasimama nyuma ya mlango, nikamuuliza Khatib kama ile picha ya watoro ipo.

"Ipo," akasema, na sauti yake ikafurahi. "Miaka minne, weye ndiye wa kwanza kuiulizia. Nitaionesha Jumapili."

Nilidhani tutakaa nyuma ya shuka, kama siku zote. Nilimtaka Jaribu hata aliyegeuka. Lakini Jumapili ikanyesha mvua ya masika, mvua ya kuzoa, kiwanja kikawa ziwa. Khatib akaomba ghala la karafuu lililokuwa tupu. Milango itafungwa mchana ule ule, baada ya laasiri, liwe giza, na picha itaoneshwa ukutani. Ukutani! Ukuta hauna nyuma. Nilipoambiwa hivyo nikakimbia kwa shangazi mvua ikinipiga.

"Shangazi, usende. Mvua hii utapata homa."

Alikuwa ameshavaa buibui. "Homa na inipate. Mie naenda kumwona mwanangu, hata kama anakula na shetani."

Tukakaa pamoja ghalani, wanawake mkono mmoja, wanaume mkono wa pili, baina yetu kumewekwa mikeka miwili mitupu. Harufu ya karafuu ilikuwa kali hata macho yanawasha. Ukutani yakatokea maandishi, nami nikayasoma kwa urahisi kabisa: Watoro Watatu. Jaribu akatokea. Hakuna aliyepiga kigelegele safari hii, kila mtu alikuwa anajua amekufa. Wakaiba chungu. Wakavuka. Wakakaa mchangani. Shangazi alikuwa amekaza macho, na mie nilikuwa sitazami picha, nilikuwa namtazama yeye.

Jaribu akatia mkono kwenye chungu. Mkono wa kulia.

"Wa kulia," akasema shangazi, polepole. Kisha akasema tena, na mara ya tatu akapiga kelele, "Ni wa kulia! Jamani, ni wa kulia!"

Bi Siti akasema labda wamebadilisha picha. Khatib akasimamisha mashine akauliza kuna nini, akaelezwa. Akatwambia kwa taratibu kwamba anayekaa nyuma ya shuka huona kila kitu kimegeuka. Wanawake wazima, mama zangu wote wale, hakuna aliyeweza kumtazama mwenziwe. Shangazi hakumgombeza mtu. Alikuwa amejikunja analia na kucheka, analitaja jina la Mungu na la mwanawe pamoja. Picha ikaendelea mpaka mwisho, naye hakuinua kichwa. Usiku ule ule Khatib akasafiri na sanduku lake, na ile picha sijaisikia tena. Nimeuliza kwa watu wengi, mpaka uzeeni. Hakuna anayeijua.

Asubuhi nikaenda kwa shangazi. Ilikuwa Jumatatu, na nilimkuta amekaa barazani anakunywa chai na kipande cha muhogo. Miaka minne sikumwona akinywa chai siku ya Jumatatu. Akaniambia, "Karibu, Moza. Mwanangu hana kiapo cha kufungiwa." Uso wake ulikuwa mkunjufu, umri wote umemtoka. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani aliyejua.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, karatasi, dirisha, siku ya tatu, alfajiri ya nne, na kwamba nilijua wakati wote aliokuwa akifunga. Akaweka kikombe chini.

"Kwa nini?"

"Alinicheka, shangazi. Nilipotaka kwenda nao."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa laana, kwa kufukuzwa, na chochote katika hivyo ningekipokea na kushukuru. Alitazama barabarani. Akaipangusa mikono yake kwa ncha ya kanga, kidole kimoja kimoja.

"Hasira yangu na weye ipo, Moza, usidhani haipo," akasema. "Nitaishughulikia siku nyingine. Sasa nataka kukuuliza jambo."

"Niulize, shangazi."

"Mara ya kwanza nilikuwa natazama mkono. Nikajifunika, nikaondoka. Na jana nimetazama mkono. Machozi yakanijaa, sikuona tena kitu." Akanishika hapa, juu ya kiwiko, akanivuta karibu. "Mtoto mwenyewe sikumtazama. Weye ulimwona. Alikuwa na uso gani, Moza? Niambie. Alikuwa akicheka?"